Jarida Lililoanzia Kuume

Nyanya yangu aliapa kwamba hatakanyaga tena shuleni kwetu, na kisa chenyewe kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati. Ilikuwa ratiba ya siku ya wazazi, mimi nikiwa kidato cha pili. Mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli huko Diani na kurudi Msambweni mara mojamoja, kwa hiyo aliyenilea ni nyanya, na aliyekuja siku ile ni nyanya. Alivaa buibui lake la Idi, akajifukiza udi, akaketi benchi ya mbele mgongo umenyooka. Alipopewa ratiba aliishika kama alivyozoea kushika juzuu, mkunjo ukiwa mkono wa kuume. Upande uliomtazama ulikuwa mtupu, kwa maana alikuwa ameanzia mwisho.

Msichana wa darasa langu aliyekuwa akigawa zile karatasi alicheka. Hakucheka sana, lakini alicheka. Akaichukua ratiba mikononi mwa nyanya, akaigeuza, akamrudishia. "Hivi, nyanya," akasema, kama mtu anayemvisha mtoto kiatu alichokivaa mguu sio.

Nyanya alisema ahsante. Akaikunja ratiba ikawa ndogo, akaitia ndani ya buibui, na sherehe nzima hakuitoa tena. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipofungua kinywa.

"Nimekwenda, nimeona. Mwakani aende mamako."

Ningependa kusema nilimjibu kwa hekima, lakini mimi nina hasira za karibu. Nyanya mwenyewe alikuwa akisema kwamba nilizaliwa jirani akikaanga pilipili. Nilimwambia nitakwenda kumvuta yule msichana nywele. Akanikataza, nikamtii kwa mkono, lakini moyoni nilimvuta nywele mwaka mzima.

Kilichoniuma ni kwamba nyanya alijua kusoma. Alisoma msahafu, alisoma tenzi, na nduguye aliyeolewa Tanga alikuwa akimwandikia barua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, naye akimjibu kwa herufi hizohizo, mwandiko wake umepangika kama shanga. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu walifundishwa alifu na yeye, barazani kwake. Hata hivyo, kwa kuwa herufi za Kizungu hakuzijua, karani wa zahanati akimwuliza kama anajua kusoma, alikuwa akijibu haraka, "La, mwanangu, sijui." Mimi nikiwa nimesimama pembeni na kadi mkononi natamani kupiga kelele.

Basi mwaka uliofuata, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara kila mahali, tukaletewa mwalimu mpya wa Kiingereza. Alikuwa kijana wa bara, mrefu, mwenye haraka ya maneno na upole wa roho, na hakumaliza hata mwezi kabla ya kusema kwamba shule isiyo na jarida ni kama nyumba isiyo na dirisha. Mwalimu mkuu hakupendezwa. Alisema jarida ni gharama na wanafunzi watalifungia bajia. Mwisho akakubali litoke moja tu, siku ya wazazi, na likiharibika asisikie tena habari ya jarida maisha yake yote.

Mhariri akachaguliwa. Nadhani msomaji ameshakisia ni nani. Ndiye yuleyule mcheka ratiba. Alikuwa msichana mwerevu wa kukaa bweni, mzaliwa wa bara, mamake akilima mboga Bongwe na kuziuza Ukunda, na alikuwa ndiye pekee aliyejua kupiga taipu kwa vidole vyote. Mimi nilipewa kazi ya kuchora jalada na kupanga ukurasa wa yaliyomo, kwa kuwa ubao wa matangazo ulikuwa umejaa michoro yangu.

"Kava ndio sura," mwalimu alituambia. "Mtu akiona kava mbaya, hata hafungui. Akifungua, kitu ya kwanza anaona ni yaliyomo. Hapo ndio anaamua kama atasoma ama atajipepea nayo."

Hayo niliyashika. Kwa wiki mbili sikuota kitu kingine ila ukurasa wa yaliyomo. Watu hudhani ni orodha tu, jina huku na namba kule. Kumbe ni kazi ya heshima, sawa na kuwapanga watu kwenye jamvi la harusi. Neno la Mwalimu Mkuu lazima litangulie, hilo halina ubishi. Lakini je, shairi la kidato cha nne litangulie safari ya Funzi ya klabu ya wanyamapori? Na kulikuwa na kijana mmoja kutoka Taru aliyeandika namna ya kumjua mbuzi mgonjwa kabla hujamnunua, makala tamu kuliko zote. Mhariri alitaka kuiweka mwisho kwa kuwa ati ni ya mbuzi. Tuligombana.

"Maze, nani anasoma mambo ya mbuzi?" aliniuliza.

"Wazazi," nikamjibu. "Wewe wadhani wazazi watasoma insha yako juu ya kompyuta, kitu ambacho hata wewe hujakiona?"

Mbuzi akapanda hadi nafasi ya tatu. Hapo ndipo mhariri alipoanza kunitazama kwa jicho jingine, nami, kwa bahati mbaya, nikaanza kumpenda kidogo.

Jambo moja sikumwambia yeye wala mwalimu kwa muda mrefu. Nilitaka nyanya awemo. Alikuwa bingwa wa kukaanga korosho, kazi ambayo mafuta ya ganda huweza kukuchuna ngozi ya mikono usipojua. Nikawa nikimwuliza maswali wakati wa kazi, kidogo kidogo kama mpelelezi. Debe litobolewe wapi? Moto uzimwe lini? Kwa nini mikono ipakwe majivu kwanza? Yeye akinijibu na kunikaripia kwamba msichana wa umri wangu hajui hata hayo. Niliyaandika yote. Mwalimu aliyapenda mno, na hapo ndipo nilipomwomba jambo la pili, kwamba majina ya waandishi wote yapigwe taipu isipokuwa la nyanya, nalo niliandike kwa mkono, kwa herufi zake mwenyewe, kama alivyoliandika juu ya juzuu lake.

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Kwa sababu hilo ndilo jina lake," nikasema. Nilisema kwa ukali kuliko ilivyofaa, akacheka, akakubali.

Jalada na yaliyomo vilikuwa vichapwe Mombasa kwenye karatasi nene ya manjano, karatasi moja kubwa ikikunjwa katikati. Upande wa nje jalada, upande wa ndani yaliyomo. Kurasa nyingine tungezitoa wenyewe kwa mashine ya shule ya kuzungusha kwa mkono, ile iliyotupaka wino hadi kwenye nyusi. Nikaichukua karatasi ya mfano nyumbani, nikaitandaza ukumbini juu ya mkeka, nikaanza kuhangaika nayo.

Nyanya akaja kuchutama kando yangu. "Wafanyani?"

"Jalada la kitabu cha shule, nyanya."

"Na mbona hujalikunja? Utajuaje pake?"

Akaichukua karatasi, akaikunja sawasawa, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkunjo mpaka ukalia. Kisha akaiweka mbele yangu, akagusa kwa kidole. "Bismillahi. Anzia hapa."

Nikaanzia hapo. Nilichora tawi la mkorosho lenye mabibo matatu, kila bibo na korosho yake ikining'inia chini. Nikakunjua, nikapanga yaliyomo upande wa ndani, palepale nyuma ya jalada, nikayazungushia pambo la ukili wa mkeka tulioukalia. Vichwa vya makala mhariri alikuwa ameshavipiga taipu, mimi nikavikata na kuvibandika, na mstari wa korosho nikaacha nafasi. Nyanya alipokwenda kuswali alasiri nilichomoa juzuu lake kabatini, nikaliandika jina lake nikilitazama. Nilimficha kwa kuwa nilitaka alione hukohuko shuleni, mbele ya watu. Ndiyo ilikuwa hila yangu yote. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu, yaani kumfanya aje.

Mwalimu aliipokea karatasi ikiwa imetandazwa, akayasifu mabibo, akaivusha feri ya Likoni ndani ya bahasha kubwa kama anayebeba mayai. Mpiga chapa wa Mombasa, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa vitabu vya chuoni, vya watoto wa Kurani, hakuona ajabu yoyote. Alichapa zote, akazifunga kwa kamba, akamwambia mwalimu kwamba aliyezipanga anajua kazi.

Bunda lilipofika tulilikimbilia. Mwalimu alichomoa moja, akaikunja, akaishika. Mbele palikuwa manjano matupu.

"Mbona kava iko nyuma?"

"Haiko nyuma, mwalimu," nikasema. "Iko mbele." Nikaichukua, nikamwonyesha. Mkunjo kuume, mabibo yananitazama, nikafungua na yaliyomo haya hapa. Kila kitu mahali pake.

Akaichukua tena, akaishika kwa namna yake, mkunjo kushoto. Manjano matupu. Akafungua, akapekua, yaliyomo akayakuta mwisho kabisa. "Iko nyuma."

"Iko mbele!"

Tulikwenda hivyo kwa muda, kila mmoja akimshangaa mwenzake, mpaka mhariri akashika tumbo kwa kicheko. Ndipo nilipoona. Niliona kidole cha nyanya juu ya karatasi, kikinionyesha pa kuanzia. Mimi niliyekuwa nimesoma vitabu vya shule tangu darasa la kwanza, vyote vikifunguka kushoto, nilikuwa nimetengeneza jarida la shule kama juzuu la chuoni.

Tulijaribu kila kitu. Tukakunja upande wa pili, yaliyomo yakatoka nje na mabibo yakaingia ndani. Tukageuza karatasi chini juu, jalada likaja mbele kama mwalimu alivyotaka, lakini korosho zikakaa juu ya mabibo kama kofia na jina la shule likasimama kwa kichwa. Mwalimu alikaa kwenye dawati, akajishika shavu. Pesa za kuchapa tena hazikuwako, na siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile.

"Mwalimu mkuu atasema aliniambia," akanong'ona.

Mimi nililia. Nililia kwa hasira, kwa maana jina la nyanya lilikuwa mle ndani limechapwa vizuri mno, na sasa lingekwenda kufungiwa bajia.

Aliyetuokoa ni mhariri. Alikuwa ameacha kucheka. Alikaa na nakala moja, akawa anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga.

"Na tukiacha tu hivi?" akasema. "Si kurasa bado hatujatoa? Tupange zianze huku. Ukurasa wa kwanza ukae hapa, wa pili nyuma yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Yaliyomo yatakuwa sawa. Ni watu tu ndio watakosea."

"Watu watakosea sana," mwalimu akasema.

"Basi tuwaandikie pale penye manjano."

Maneno niliyatunga mimi, na mpaka leo nayaonea fahari. Tulipitisha kila jalada kwenye mashine, na upande uliokuwa mtupu ukatoka umeandikwa: UMEINGILIA MLANGO WA UANI. HODI YAKO TUMEISIKIA. ZUNGUKA, KARIBU BARAZANI. Mwalimu aliyasoma mara mbili, akasema kama ni kupotea, tupotee pamoja. Tukashona majarida kwa sindano na uzi, maana stepla ya ofisi ilikuwa fupi, mimi na mhariri tumekaa benchi moja. Katikati ya kushona akaniambia, bila kuinua macho, kwamba ile siku ya ratiba hakujua kwamba kuna vitabu vinavyoanzia upande ule. Nikamwambia sasa anajua. Tukaendelea kushona.

Nyumbani nilimsimulia nyanya mkasa wote, ila habari ya jina lake. Nilidhani atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani aliyekunja?"

"Wewe, nyanya."

"Mimi." Akatikisa kichwa. "Ewe Mola! Nimewaharibia watu kitabu chao." Sasa akacheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Na watakusema wewe?"

"Huenda."

Ijumaa asubuhi nilipotoka kuoga nilikuta chetezo kinafuka udi na buibui la Idi limetandikwa kitandani. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu, nikaogopa hata kuuliza.

"Mimi ndiye niliyekunja," akasema, akifunga ushungi. "Atakayekusema, na aseme nami."

Shuleni aliketi benchi ileile ya mbele, mgongo umenyooka, amejiandaa kwa vita. Kando yake aliketi mama mmoja wa makamo mwenye kitambaa cha kijani kichwani, amechoka na safari. Alikuwa mamake mhariri, aliyetoka Bongwe alfajiri. Walisalimiana kwa adabu. Kisha majarida yakaanza kugawiwa, na uwanja mzima ukaingilia mlango wa uani. Sijapata kuona tena kitu kama kile. Watu walisoma maneno ya nyuma, wakacheka, wakageuza, wengine wakageuza mara mbili wakarudi walikotoka. Mgeni wa heshima alizungusha lake kama usukani. Mwalimu mkuu alikuwa amekunja uso, lakini alipoona mgeni wa heshima anacheka, naye akacheka.

Mhariri ndiye aliyemletea nyanya nakala yake. Alipiga goti kidogo, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Shikamoo, nyanya." Akalitoa kwa mikono miwili, akarudi nyuma, asiguse tena.

"Marahaba, mwanangu."

Nyanya alilipokea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi, naona mabega yake tu na mikono yake. Hakusita. Mkunjo kuume, akayatazama mabibo kidogo, akafungua, na ukurasa wa yaliyomo ukawa mbele yake. Kidole chake kikaanza kushuka, taratibu, juu ya herufi asizozisoma, kikipita kwa mwalimu mkuu, kikipita kwa mbuzi wa Taru, kikipita Funzi. Kikasimama.

Akasoma kwa sauti ya chini, sauti ya barazani kwake, akilivuta jina kama anavyomsomesha mtoto. Jina lake, la babake, la babu yake.

"Huyu ni mimi," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo, nyanya."

"Ndani ya kitabu cha shule."

"Ni zile korosho, nyanya. Yote uliyoniambia yako ndani."

"Ndiyo maana ulikuwa na maswali kama polisi," akasema. Nilimwekea mkono begani, na sikujali nani ananiona nikilia. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza mpaka leo, nikiwa nimeshapanga kurasa za yaliyomo za vitabu vingi vya watu.

Kando yake, mamake mhariri alikuwa bado anahangaika. Alikuwa amelishika jarida kwa upande wa manjano, anasoma yale maneno, anafungua, anakuta mwisho wa chemshabongo, anafunga. Akatabasamu kwa haya, akaliweka mapajani kama mtu aliyekata tamaa.

Nyanya alimtazama. Hakucheka. Aliinama akalichukua lile jarida taratibu, akaligeuza, akampa.

"Hata mimi jambo hili lilinipata," akamwambia. "Anzia hapa, mamangu." Kisha akamfungulia yaliyomo, akamwekea kidole juu ya ule mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono. "Na mimi ni huyu."

"Huyu? Hii ni kuandika?" yule mama akauliza kwa mshangao wa kweli. "Wewe unajua kuisoma?"

Nikasubiri lile jibu la zahanati.

"Najua," nyanya akasema. "Ninajua kusoma." Akamsomea.

Alipomaliza akageuza kichwa nyuma, akanitafuta kwa macho.

"Ewe," akaniita. "Siku ya wazazi nyingine ni lini?"